Profeseri wa Mashine Ambayo Haijafika

Mi niliacha shule mapema, kwa hiyo nikikosea jina la mashine, msomaji, usinishike shati. Nitaandika nilivyoona na nilivyoelezwa, na huyu mtu kueleza alijua. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, hayo nayaruka. Mwenyewe ukimuuliza alikuwa anajibu, "Niulize nimekula nini leo, hiyo naikumbuka vizuri." Halafu anakueleza kweli, kuanzia chai ya asubuhi, na kama mkate ulikuwa wa jana utajua.

Tulikaa katiye moja, yaani mtaa mmoja, Ngagara. Yeye alikuwa anafundisha madaktari kusoma picha za ndani ya mwili, mi nashona makochi. Watu wote walimwita Profeseri, muuza makaa na hata mke wake. Mi pia nilimwita hivyo, yeye akaniita Fundi, na miaka yote hiyo hakuna aliyehitaji jina lingine.

Tulijuana sababu ya kitanda. Kitanda cha kupimia wagonjwa, pale alipokuwa anafundishia, kilikuwa kimepasuka ngozi, sponji iko inje kama ulimi. Nikaitwa. Nikashona ngozi mpya ya skai, ile ya bandia, nyeusi, mshono wa ndani, kazi safi. Na fundi wa makochi harudishi kitu kabla hajakikalia, hiyo ndiyo desturi yetu. Nikapanda, nikalala chali nisikilize kama sponji imekaa sawa. Mlango ukafunguka, akaingia mzee mrefu mwenye koti jeupe, na wanafunzi wake nyuma.

Nikataka kuruka chini.

"Usiamuke, muzee," akasema. "Baki hapo hapo. Leo we ndiyo somo."

"Somo gani? Mi nimekuja kushona."

"Umeshona muzuri. Sasa toa shati."

Nilitoa. Hata leo sijui kwa nini nilitoa. Alikuwa na sauti ya mtu anayekukaribisha mezani. Kijana wa kwanza akawasha eko, mashine inayoonyesha ndani ya mwili kwenye kioo chake cha ekrani, akanimwagia tumboni ile dawa yake ya kuteleza, baridi kama maji ya kisima, nikapiga kelele. Profeseri akamshika mkono.

"Weka kwanza mu mikono yako ipate joto. Huyu muzee hukumutoa mu frigo. Na umemusalimia?"

"Bado, Prof."

"Salimia sura. Ekrani itakungoja."

Kijana akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, halafu akaanza kunitafuta figo. Ya kulia akaipata. Ya kushoto akatafuta, akatafuta, jasho likamtoka. Mwishowe akasimama wima kama askari.

"Prof, figo ya kushoto ilitolewa."

"Ilitolewa. Umeona alama ya kisu?"

"Apana, Prof."

"Sasa waliipitisha wapi? Mu mudomo?"

Walicheka wote, nami nilicheka nikiwa nimelala, kumbe ndani naogopa. Akaja wa pili, akaja wa tatu, hakuna kitu. Kisha akaja msichana mmoja mwembamba, jina lake Chantal. Yeye alitafuta polepole, na hakusema haiko. Alisema, "Sijaiona bado." Akaniinamia. "Muzee, unaniruhusu nitafute chini zaidi, hapa kwenye mukanda?" Nikamruhusu. Ikaonekana pale, karibu na mfupa wa nyonga, imejikunja kama paka.

Nikamuuliza Profeseri, "Figo yangu imeanguka?"

"Haikuanguka, Fundi. Haikupanda. Mu tumbo ya mama figo zinaanza chini, halafu zinapanda. Yako moja ilifika kati ya njia, ikaona hapa panatosha."

Mke wangu, nilipomweleza, alisema hakushangaa, kwamba hata kazi ninazifanya hivyo hivyo, nafika katikati naona panatosha. Lakini hayo ni ya nyumbani kwangu. Figo inafanya kazi mpaka leo, na kuanzia siku ile nikawa mtihani. Kila mwaka wanafunzi wapya wakija, Profeseri ananitumia salamu, nami naoga, navaa shati safi, nakwenda kulala juu ya mshono wangu mwenyewe. Sijui ni wangapi wamenitoa figo mchana kweupe. Yeye alikuwa anawaambia neno lile lile: "Sijaona siyo haiko."

Baada ya mtihani ule wa kwanza tulikunywa Fanta kwenye kivuli, akawa anaangalia chupa yake badala ya kuinywa. Akaniambia jambo ambalo lilikaa kati yetu miaka yote iliyofuata. Alikuwa amefikia umri wa kupumzika na akaupita. Kulikuwa na somo moja, alilolipa moyo wake wote, ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifundisha. Wakubwa walikuwa wamemwambia wazi: siku wewe unaondoka, somo linafutwa. Alishatuma vijana wawili mbali wakalisomee. Wa kwanza hakurudi. Wa pili alikuwa anatuma salamu za mwaka mpya, na picha za watoto wake ndani ya theluji.

"Naye yule mwembamba?" nikauliza.

"Ule ndiyo naogopa," akasema. "Ule ni muzuri sana."

Somo lenyewe ni la dawa ya nyuklia. Jina hilo lilinitisha, nilifikiri ni mambo ya mabomu. Akanieleza, tumekaa kwenye kibaraza changu katikati ya makombo ya sponji. Ile picha ya mifupa tunayoiita radio, ni kama kummulika mtu na tochi kutoka inje. Hii nyingine, unampa mtu dawa kidogo sana, kwa sindano au anakunywa, dawa inakwenda kwenye kiungo inachokipenda, na kutoka huko ndani yenyewe inatoa mwali, kamera iko inje inapokea. Yaani tochi inawaka ndani ya mtu. Hapo huoni umbo tu, unaona kiungo kama kinafanya kazi au kimelala.

"Na hiyo kamera mumeiweka wapi?"

"Haiko."

"Haiko hapa Ngagara?"

"Haiko Burundi, Fundi. Wagonjwa wetu tunawatuma inje."

"Sasa we unafundisha nini?"

Hakukasirika. "Nafundisha dokta ajue nani wa kutuma na nani wa kuacha nyumbani. Na mugonjwa akirudi na jibu, ajue kuisoma. Na siku mashine itafika, isikute watu wa kuipangusa vumbi tu."

Alivyofundisha bila mashine, hapo ndipo nilipompenda. Alikuwa na beseni ya bati, ya mke wake ya kufulia, amejaza mchanga wa ziwa. Asubuhi mke wake anachoma mawe madogo kwenye makaa. Profeseri anauchora mchanga umbo la ile tezi ya shingoni, inayofanana na kipepeo, anafukia mawe ya moto upande mmoja, upande mwingine anaacha, anafunika yote na kitenge. Mwanafunzi anafumba macho, anapitisha kiganja juu bila kugusa, halafu anakwenda ubaoni kuchora: hapa kuna joto, hapa hakuna. Mtu mwenye rovu, alikuwa anasema, shingo inaweza kuvimba sehemu inayofanya kazi kupita kiasi au sehemu iliyolala, na kwa macho zinafanana. Kiganja ndicho kinatofautisha. Nami nilijaribu. Unaona kweli, mikono inaona.

Na aliyechelewa anakuta mchanga umepoa.

"Prof, bisi hazina esanse!" wanalia. "Mafuta yameisha mu muji, tumetembea na miguu!"

"Pole. Lakini dawa yetu haijue habari ya esanse. Inapunguka nusu, halafu nusu ya ile nusu, na we bado uko ku barabara. Kaa, utachora kesho."

Mke wake, Mama Profeseri, alikuwa anasimama mlangoni na nguo chafu mkononi, anaangalia kofia ya mumewe. "Beseni yangu iko chuo kikuu kuliko mimi. Mi nitafulia mu chapeau yako?"

Alikuwa pia mtu wa utafiti, lakini utafiti wake ulikuwa wa kutembea. Swali lake lilikuwa moja. Vitabu vyote vinaandika figo ya mtu mzima ina urefu huu, ini lina upana huu. Yeye anauliza: mtu gani? Walipimwa watu wa nchi za baridi. Basi akaamua kupima watu wetu wazima, wasioumwa, wa kila aina: makarani wa Ngagara, wavuvi wa Kajaga, wakulima wa mpunga wa Buterere. Kitanda cha kukunja nikakitengeneza mimi, mbao nyepesi na skai iliyobaki, na kwa kuwa hakuna aliyejua kukikunja bila kujibana vidole, nikawa ninakwenda naye.

Buterere walitupokea vibaya. Habari ilikuwa imetangulia kwamba kuna wanaume wanakuja kutafuta figo. Mama mmoja, mkulima, mikono kiunoni, akasema mbele ya watu:

"Munapima figo zetu leo, halafu kesho munakuja kuzichukua. Si ndiyo?"

Watu wakaitikia ndiyo. Mi nilianza kukunja kitanda. Profeseri akakikunjua tena, akavua koti, akavua shati, akalala yeye. Kifua cheupe cha mvi, mbavu inje, mtu wa heshima namna ile.

"Mama, njoo. Shika hii, pitisha hapa kwa mbavu zangu."

"Mi?"

"We. Chukua figo yangu kwanza."

Mama akashika kile kidude cha eko, akakipitisha mpaka chini, watu wakasogea mpaka kitanda changu kikalia.

"Hii nyeusi ni nini?"

"Apo umefika mu kibofu. Nimekunywa chai mingi, usigandamize."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama akauliza, sasa kwa upole, "Na figo zako ziko sawa?"

"Sijue. Ziko sawa na kitabu. Ya mutu mwenye anashinda kuinama mu mupunga, nani aliipima?"

"Hakuna."

"Basi."

Mama akamwambia ahame, akalala yeye. Baada yake ikawa foleni. Na toka siku ile ikawa sheria yake: mwanafunzi halazi mtu kitandani kabla yeye mwenyewe hajalala, akaonja ile baridi na ile aibu.

Kurudi tulikuta maji yamejaa, ndiyo Buterere, mvua kidogo tu njia inakuwa mto. Tukafunga mashine kwa mpira, tukailaza juu ya kitanda, tukafunika na koti lake, tukabeba mmoja mbele mmoja nyuma, maji magotini. Watu tuliopishana nao wanavua kofia. "Poleni sana. Mugonjwa anaendeleaje?" Profeseri anajibu bila kugeuka, "Asante, anapumua." Mi nilicheka mpaka karibu nimwangushe mgonjwa.

Hakuwa malaika. Mtu aliyepiga picha matumbo ya nusu ya mji hakutaka yeye apigwe picha ya sura. Kwenye harusi ya binti yake alisimama nyuma ya nguzo ya hema mpaka mpiga picha akachoka. Ukimuuliza, anasema sura haina habari. Mbele ya wanafunzi alikuwa mvumilivu kama mlezi, lakini mezani hakuvumilika. Akila mukeke, alikuwa anatoa miba mmoja mmoja, anaipanga pembeni ya sahani kwa mpangilio wa mgongo wa samaki, anataja majina. Pale Kajaga mama mkaanga samaki alimchoka. "Profeseri, hapa tunakula. Hatufanye otopsi ya maiti." Akaomba msamaha, akageuza sahani, akaanza upande wa pili.

Na radi. Mtu aliyezoea kusema habari za mionzi kama anasema habari za sukari, aliogopa radi kama mtoto. Mawingu yakigusa milima ya juu tu, anachomoa frigo, anachomoa televisheni, anazima simu, anakaa katikati ya chumba mbali na madirisha. Mi nilikuwa najua, radi ikianza naenda kukaa naye.

Ndivyo nilivyokuwepo siku ile. Chantal naye alikuwa ametumwa mbali kulisomea lile somo, miaka kadhaa sasa, amemaliza, na kule alikosomea walikuwa wamemwomba abaki. Tulijua hilo. Somo lilikuwa limebaki na kamba moja tu, nayo ilikuwa mkononi mwa yule msichana. Mvua ilikuwa imepungua, Mama Profeseri akawasha simu bila kumuuliza, ikalia hapo hapo. Akaangalia, akamnyooshea mumewe.

"Ni Chantal. Mwambie arudi."

Profeseri alichukua simu kama anashika kaa la moto, maana radi ilikuwa bado inanguruma mbali. Akaongea. Aliuliza afya, akauliza baridi, akasema wanafunzi wa mwaka huu ni wabishi, wanauliza maswali mazuri. Akaeleza alichokula. Kuhusu kurudi, hakusema neno. Akamtakia usiku mwema, ingawa ilikuwa mchana, akafunga.

Mama Profeseri alipiga meza. "Mutu anakupigia simu mwenyewe, na we unamueleza habari ya maharage!"

"Akirudi sababu ya huruma, atafundisha na hasira," akasema. "Wanafunzi wataisikia. Apana. Heri somo ife kuliko ifundishwe na hasira."

"Na ikikufa?"

Alikwenda kuchomeka frigo, akakosa tundu, ikabidi nimsaidie. Wiki zile alipungua. Alikuwa anafundisha, anarudi, anakaa kibarazani kwangu, hata habari ya chakula hasemi, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Chantal alirudi. Sitajifanya nilikuwa nimejua. Nilikuwa napiga misumari kwenye kochi, nikasikia mtu ananisalimia, kuinua kichwa ni yule mwembamba, sasa si mwembamba sana, Dokta Chantal na sanduku lake, anauliza kama Profeseri yuko nyumbani, mlango haufunguliwi. Nikamwambia piga hodi kwa nguvu, anga imetanda. Nilimfuata, siwezi kukosa jambo kama lile.

Profeseri alifungua, akaona sanduku.

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kukaa."

"Kwa nini? Kule uko na mashine tatu."

"Kule samaki wanaileta imekatwa kichwa, Prof. Mi siwezi kuzeeka naangalia samaki haina sura."

Mama Profeseri alipiga vigelegele jikoni. Mzee mwenyewe alikaa kwenye kiti akaanza kusafisha miwani, akaisafisha mpaka nikaogopa kioo kitaisha.

Baadaye, tukiwa wawili, Chantal aliniambia kwamba kule hakuna mtu aliyekuwa anambishia. Mashine inasema, watu wanaandika. Alikumbuka watu wanaobishana juu ya kivuli kimoja mpaka chakula kinapoa, akaona yuko mahali si pake. Mi naamini yote mawili, la samaki na hili.

Wakubwa wakaona mwalimu yuko, somo likabaki. Mashine haijafika mpaka ninapoandika, lakini wanafunzi wanaongezeka. Profeseri akapumzika, kwa karatasi. Kwa miguu hakupumzika. Majuzi alikuja kwangu amevaa koti na tai.

"Fundi, nisindikize. Chantal anafundisha leo picha za mifupa."

"Amekualika?"

"Mutu anaalikwa kwa nyumba yake?"

Tukakaa benchi la nyuma. Chantal alikuwa ameonyesha ukutani picha ya mtu mzima, mifupa yote, imechorwa na ile dawa. Akamwinua kijana mmoja.

"Unaona nini?"

Kijana akaitazama. Profeseri akaanza kuhema. Akajongea mpaka ukingo wa benchi. Mwishowe ikamtoka, "Angalia bega!"

"Prof," akasema Chantal kwa upole, "sikukuuliza."

Darasa likacheka kidogo. Kijana akarudi kutazama. Profeseri akakohoa, kikohozi cha uongo kabisa, na mkono wake ukapanda wenyewe, ukagusa bega lake la kulia, ukalipigapiga.

Chantal akashuka, akaja mpaka kwetu. "Muzee wangu, na heshima yote, naomba utoke. Huyu kijana anajua. Lakini hawezi kufikiri, sababu we unafikiri kwa nafasi yake."

Hakuna aliyecheka. Mi nilitazama viatu vyangu. Profeseri akasimama, akachukua kofia, akainama kidogo, akatoka. Nikamfuata mbio, nikihofia moyo wake.

Nilimkuta amesimama chini ya dirisha la darasa, mgongo ukutani.

"Umeumia, Profeseri?"

"Amenifukuza, Fundi." Alisema kama mtu anayetangaza mjukuu. "Umesikia? Amenifukuza mbele ya watu wote!"

Ndani kulikuwa bado kimya. Kimya kirefu, hata mi kilinichosha, na midomo ya mzee ilikuwa inachezacheza bila sauti. Chantal hakumsaidia kijana. Alimngoja. Halafu tukasikia ile sauti changa, polepole, haina uhakika, "Bega ya kulia… inawaka kupita ya kushoto?" Na Chantal: "Endelea."

Profeseri akavaa kofia yake, akafunga kifungo cha koti.

"Twende zetu," akasema. "Hawa wako na mwalimu."